Kichwa Kidogo, Kimya Kirefu: Sindano ya Santuri Ilivyofika Mandewa na Ilivyokufa

Kuna nyumba moja Mandewa, pale pale Singida mjini, ambako mashine ya santuri ilikaa juu ya kabati miaka nenda rudi bila kutoa hata neno. Imefunikwa kitambaa cha kufuma, juu ya kitambaa kuna maua ya plastiki. Watoto wa nyumba hiyo wamekua wakiijua kama "lile sanduku la babu", basi.

Juzi kati mjukuu mmoja akarudi kutoka Dar, akaondoa maua, akapiga picha, akatupia status. Haikupita saa, jamaa mmoja mwenye baa akaingia inbox na ofa ya maana. Hataki ipige, anataka pambo la kuweka ukutani tu. Mjukuu akaenda kwa mzee na habari njema.

"Babu, shikamoo. Lile sanduku limepata mteja."

"Marahaba. Mwambie haliuzwi."

"Lakini babu, si ni bovu?"

"Bovu ni kichwa. Mashine nzima."

Sasa hapo ndipo stori inapoanza. Mzee ana santuri moja ndogo aliyoitunza kwenye bahasha ya kaki. Humo ndani kuna gitaa la mdogo wake, marehemu, aliyepiga na bendi moja ya miaka ya sabini. Mjukuu akaingia YouTube, akasaka weee. Wimbo wa upande wa kwanza upo. Wa upande wa pili hamna. Yaani sauti ya gitaa la yule babu mdogo, kwa kadiri familia inavyojua, iko kwenye ile sahani tu, na kitu cha kuitolea humo kimekufa. Kitu chenyewe ni kidogo kuliko kifuniko cha soda.

Ili kuelewa kwa nini mzee alikataa hela, na kwa nini nyumba nyingi Bongo zina sanduku bubu kama hilo, lazima turudi nyuma kidogo.

ENZI ZA KINANDA CHA KUZUNGUSHA

Sahani ya santuri tunayoijua ilianza na Emile Berliner, aliyesajili ugunduzi wake Marekani mwaka 1887. Akili yake ni nyepesi ajabu. Sauti inachorwa kama mfereji mwembamba unaozunguka sahani, na sindano ikipita kwenye mfereji huo inatikisika vile vile mwimbaji alivyotikisa hewa.

Zile mashine za mwanzo, ambazo wazee wa pwani waliziita kinanda cha santuri, hazikuwa na umeme kabisa. Unazungusha mkono, springi inajikaza, sahani inazunguka mara 78 kwa dakika. Sindano ya chuma inatikisa kiwambo chembamba, na sauti inatokea kwenye pembe. Hapakuwa na waya wala spika. Kikiharibika kitu, fundi baiskeli aliyetulia angeweza kukifungua akakielewa.

Ila sindano zilikuwa za kutupa. Sindano ya chuma ilitakiwa ibadilishwe kila upande wa sahani, ndiyo maana ziliuzwa kwenye vikopo vidogo vya bati, nyingi kwa mkupuo. Uingereza ziliuzwa hata sindano za miiba, zinazochongwa ncha upya kila zikichoka. Kwa mtu wa Singida, aliyezungukwa na migunga pande zote, hilo wala si la kushangaza.

Kwa huku kwetu, bomu kubwa la kwanza lililipuka mwaka 1928. Siti binti Saad, mwanamke aliyezaliwa kijiji cha Fumba, Unguja, alivuka bahari na wenzake mpaka Bombay, India, kurekodi kwa ajili ya kampuni ya Gramophone, ile yenye nembo ya mbwa anayesikiliza pembe. Alikuwa anaimba Kiswahili cha watu, siyo Kiarabu cha ikulu. Santuri zake zikauzika pwani nzima na kuingia bara. Watu ambao wasingewahi kukanyaga Unguja wakamjua kwa sauti.

Miaka michache baadaye ukaja upepo mwingine. Kuanzia 1933 kampuni hiyo hiyo ikaanza kutoa mfululizo wa santuri uliopewa herufi GV, uliojaa muziki wa Cuba, kwa ajili ya soko la Afrika. Vijana wa Kongo na Tanganyika wakazinywa kama maji. Morogoro kijana mmoja, Salum Abdallah, akaanzisha bendi mwaka 1948, na baadaye ikajulikana kama Cuban Marimba. Jina tu linakuambia walikuwa wanasikiliza nini usiku. Hapakuwa na mwalimu wa muziki kutoka Havana. Mwalimu alikuwa sahani na sindano.

KICHWA KINAPATA UMEME

Mwaka 1948 Marekani ikatoka santuri kubwa ya mzunguko wa 33, na mwaka uliofuata ikaja ile ndogo ya mzunguko wa 45. Plastiki laini, mfereji mwembamba. Sindano ya zamani ya chuma ukiiweka humo ni kama kupitisha plau kwenye bustani ya mchicha.

Hapo ndipo katriji ikashika usukani. Katriji ni kile kichwa kilicho mwisho wa mkono wa mashine, kinachobeba sindano. Kazi yake ni kugeuza mtikisiko kuwa umeme mdogo, kisha amplifaya inaukuza mpaka spika inaongea. Zipo aina mbili ambazo ni muhimu kwa stori hii.

Ya kwanza ni ya kristali. Ndani yake kuna kipande cha chumvi maalumu, ambacho ukikipinda kidogo tu kinatoa umeme. Ilikuwa bei rahisi, na ilitoa umeme mwingi kiasi kwamba amplifaya ndogo ya kawaida ilitosha. Ndiyo maana ilijaa kwenye zile mashine za mfuniko na za betri zilizofika Afrika. Baadaye ikaja ndugu yake ya kauri, inayofanya kazi kwa mtindo ule ule lakini ngumu zaidi.

Ya pili ni ya sumaku. Sindano inatikisa sumaku ndogo karibu na koili za waya mwembamba kama unywele. Sauti yake ni safi zaidi na haikandamizi sana sahani. Lakini umeme inaotoa ni kiduchu, milivolti chache tu, wakati ya kristali inaweza kufika nusu volti au zaidi. Weka tofauti hiyo kichwani, itarudi baadaye kumuumbua mtu.

Ile chumvi ya kristali ilikuwa na siri mbaya. Haipendi unyevu, inalainika na kuharibika. Haipendi ukavu uliopitiliza, inapoteza maji yake ya ndani na kugeuka unga. Na joto likifika kama nyuzi 55, kwishney. Sasa fikiria Tanzania. Pwani kuna unyevu. Singida kuna kiangazi kile cha upepo na vumbi, hewa kavu mpaka midomo inapasuka. Ukiisahau mashine ndani ya gari juani au chini ya bati, umeiua mwenyewe. Kwa hiyo vichwa vingi vya kristali huku kwetu havikufa kwa kuchezewa. Vilikufa vimekaa kimya juu ya kabati.

SUNGURA JUU YA SINDANO

Turudi kwenye raha kwanza. Miaka ya sitini na sabini, mwenye pleya ya betri mtaani alikuwa staa. Umeme haukuwepo sehemu nyingi, lakini betri zilikuwepo. Zikianza kuchoka, sahani inazunguka polepole na mwimbaji anakuwa na sauti nzito kama mtu mwenye mafua. Watu wanacheka, betri zinaanikwa juani, ngoma inaendelea.

Santuri za 45 zilikuwa na dakika kama tatu nne kila upande, kwa hiyo bendi nyingi ziliukata wimbo vipande viwili. Upande wa kwanza maneno, upande wa pili magitaa yanachemka. DJ wa enzi hizo sifa yake ilikuwa kugeuza sahani kabla wachezaji hawajapoa.

Na vumbi je? Sindano ikikutana na vumbi au mkwaruzo inaruka. Dawa ya mtaani ilikuwa moja: sarafu juu ya kichwa. Zile sarafu zetu za 1966 upande mmoja zilikuwa na picha ya Mwalimu Nyerere, na upande wa pili shilingi ilikuwa na mwenge, senti 50 ilikuwa na sungura, senti 20 mbuni. Ukimpandisha sungura juu ya sindano, haitaruki tena. Watu wakafurahi.

Kumbe walikuwa wanachimba kaburi. Sindano ya kichwa cha sumaku inatakiwa ikandamize kwa gramu moja na nusu hadi tatu hivi. Vichwa vya kristali tayari vilikuwa vizito, gramu tano na kuendelea. Ukiongeza sarafu, sindano inalima kuta za mfereji. Isitoshe, ncha ya yakuti inachakaa haraka sana kuliko ya almasi, ambayo watengenezaji wengi huipa saa 500 hadi 1,000 hivi. Ncha ikichakaa inakuwa kama patasi. Kwa hiyo wimbo uliopendwa zaidi ndio uliokwaruzwa zaidi. Mapenzi yaliua nyimbo.

SINDANO ZINAPOKATIKA

Watu wengi hudhani santuri zilikufa Bongo kwa sababu kaseti ilikuja. Ni kweli, lakini ni nusu ya kweli.

Bendi zetu zilirekodi Radio Tanzania Dar es Salaam, lakini kwenye tepu za redio, kwa ajili ya kurushwa hewani. Santuri yenyewe ya kuuza kwa sehemu kubwa ilitoka Nairobi, ambako kulikuwa na studio, kampuni na mitambo ya kuchapa sahani. Mbaraka Mwinshehe wa Morogoro, baba wa Shida, aliishi kwenye njia hiyo hiyo. Alianzisha Super Volcano mwaka 1973, akawa anaenda Kenya kufanya kazi, na ajali ya gari ikamchukulia huko huko Januari 1979.

Halafu mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika na mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa. Ulikaa hivyo mpaka 1983. Katikati hapo kukawa na vita vya Kagera, fedha za kigeni zikakauka, na maduka ya RTC mikoani yakabaki na rafu tupu. Mwaka 1983 ndiyo ikaja operesheni ya wahujumu uchumi, watu wakawa wanaogopa hata kuonekana na bidhaa za magendo. Sasa jiulize: kama sabuni na sukari vilikuwa vya foleni, sindano ya gramafoni ingetoka wapi?

Hapo mashine zikaanza kunyamaza moja moja. Kichwa kikifa hakuna cha kubadilisha. Fundi redio anafungua, anatikisa kichwa, anafunga. Kaseti ilipojaa mitaani ilikuta santuri zimeshakaa kimya. Unanunua kaseti tupu, unarekodi redioni, habari imeisha. Hakuna aliyefanya mazishi ya sindano. Waliweka kitambaa cha kufuma juu yake.

FUNDI WA MANDEWA NA MBU

Turudi kwa mzee na mjukuu wake. Ofa ya baa bado iko hewani, mjukuu anaitamani, lakini kamuonea babu huruma. Akamtafuta fundi mmoja wa redio mjini, mtu mzima anayetengeneza sabufa na tivii.

Fundi alianza vizuri. Hakukimbilia kununua kitu. Kwanza aligusa taratibu nyuma ya kichwa, kwenye zile pini, kwa kidole. Spika ikanguruma. Maana yake waya wa kwenye mkono, amplifaya na spika ni vizima. Akasugua pini kwa kifutio cha penseli kutoa kutu, bado kimya. Akaangalia sindano kwa kioo cha kukuzia. Ncha ipo, kijiti chake hakijapinda.

"Mzee wangu, ulisema kweli," akasema. "Kilichokufa ni kichwa, na ni kristali."

Mjukuu akaagiza kichwa kipya kutoka Dar. Alichagua kizuri, cha sumaku, kile ambacho mitandao yote inakisifia. Kikafika kwa basi. Fundi akakifunga. Familia ikakaa sebuleni, mzee kavaa kofia yake. Sahani ikazunguka, sindano ikashuka.

Ikatoka sauti kama mbu aliyefungiwa kwenye chupa.

Unakumbuka zile milivolti chache? Amplifaya ya mashine ile ilitengenezwa kwa ajili ya kristali. Kichwa cha sumaku kinahitaji kikuza sauti chake maalumu kabla, na pia mkono mwepesi unaoweza kupimwa uzito. Ule mkono wa zamani ungekikandamiza mpaka kifunge breki. Kichwa kilikuwa kizima, ila kimeletwa kwenye mashine isiyo yake. Hela ikawa imeenda, na jamaa wa baa akaandika tena: "Vipi, bado?"

Kosa hili liko dunia nzima sasa hivi, kwa sababu santuri zimerudi kwa fujo na vijana wanafufua mashine za babu zao. Hata kampuni ya Shure ya Marekani, iliyokuwa mfalme wa vichwa vya madj, iliacha kutengeneza katriji mwaka 2018, kwa hiyo watu wanaokota chochote wanachokuta sokoni. Ila kanuni ni moja. Kabla ya kununua, jua mashine yako ilizaliwa na kichwa gani. Ya kristali ipe kauri. Ya sumaku ipe sumaku, na mara nyingi hata haihitaji kichwa kizima: unachomoa sindano tu na kuchomeka mpya. Usichomelee waya moja kwa moja kwenye pini za katriji, moto wa risasi unaua koili ndani ya sekunde chache. Na sungura wa senti 50 mwache apumzike.

Suluhisho la Mandewa lilitoka mahali ambapo hakuna aliyetegemea. Zile pleya za kisasa za bei rahisi, zenye umbo la begi, zinatumia vichwa vya kauri. Fundi akapata kimoja kutoka kwenye begi lililokufa mota. Akatengeneza kishikizo cha bati ili kikae kwenye mkono wa zamani, akaunganisha njia mbili za sauti ziwe moja kwa sababu mashine ya mzee ina spika moja. Springi ya nyuma ya mkono akaikaza kidogo kupunguza uzito. Sahani ikaoshwa kwa maji safi na tone la sabuni, ikakaushwa kivulini, mbali na upepo wa vumbi.

UPANDE AMBAO HAKUNA ALIYEUPENDA

Walianza na upande wa kwanza, ule uliopo YouTube. Ulikuwa umekwisha. Kelele kama mahindi yanakaangwa, sauti ya mwimbaji kwa mbali. Huo ndio uliopigwa kwenye harusi, ubatizo na mwaka mpya, na sarafu juu yake. Mzee akainamisha kichwa.

Wakageuza. Upande wa pili haukuwahi kuwa hiti. Ulikuwa wimbo wa taratibu, hauchezeki, watu walikuwa wanauruka. Kwa hiyo hakuna sungura aliyepanda juu yake mara nyingi. Mfereji ulikuwa bado mzima.

Gitaa likaingia peke yake, kabla ya bendi.

Hakuna aliyeongea. Mjukuu alikuwa ameshaweka simu karibu na spika, akirekodi, mkono unamtetemeka. Wimbo ulipoisha mzee akasema neno moja tu: "Ndiye." Halafu akaomba warudie, na fundi akamwambia, kwa adabu, "Mzee, tusirudie sana. Tumeshaichukua kwenye simu, tusikilize ya simu."

Mzee akakubali, shingo upande.

Jamaa wa baa alijibiwa usiku ule ule, na sanduku liko Mandewa mpaka leo. Kitambaa cha kufuma kimerudi juu yake, maua hayajarudi. Ile rekodi ya simu imeshatumwa kwa ndugu Manyoni, Dodoma na Dar, na shangazi mmoja ambaye hakuwahi kumsikia baba yake akipiga gitaa ameifanya mlio wa simu.

Kwa hiyo mdau, ukirudi nyumbani sikukuu hii, angalia juu ya kabati. Kama kuna sanduku limefunikwa kitambaa, usikimbilie kulipiga picha ya kuuza. Uliza kwanza ni wimbo gani umo, na nani anapiga. Na zile sahani ambazo hazikuwahi kupendwa, zichunguze kwa makini zaidi, kwa sababu huenda ndizo zilizobaki nzima.

Kwenu kuna sanduku bubu? Kichwa chake ni cha aina gani, na nani amefungiwa humo ndani? Dondosha komenti hapo chini.